Mawese kwenye Glavu za Mahmudu

Kila asubuhi Hawa hupanga madumu yake ya mawese sokoni, mjini Baraka. Ng'ambo ya barabara, mumewe Mahmudu huwasha jenereta. Mahmudu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Hutengeneza milango, madirisha na nanga za mitumbwi. Majirani humwita Baba Nadia, kwa jina la binti yao.

Msimu wa mvua uliopita, glavu zake za ngozi zililowa. Yeye huziita gan. Alizianika juu ya bati, kwenye jua kali. Jioni zilikuwa ngumu kama muhogo mkavu.

"Hizi gan zimekufa," alisema, akizitupa pembeni. "Kesho nitatumika kazi na mikono mitupu."

Hawa hakulipenda neno hilo. Alimhurumia. Marehemu baba yake Hawa alikuwa fundi wa ngoma, na ngozi ilipokakamaa aliipaka mawese. Basi Hawa akachota mawese, akazisugua glavu kidole kwa kidole, mpaka zikalegea.

Asubuhi Mahmudu alizivaa, akakunja vidole, akacheka.

"Eh, Mama Nadia! Iko laini kama mukate! Kumbe we ni munganga ya gan?"

"Sema asante, uende kazini."

Hawa alitabasamu njia nzima hadi sokoni. Leo akikumbuka tabasamu lile, moyo humuuma.

Jua lilikuwa bado chini aliposikia ukelele. Cheche zilikuwa zimeangukia glavu ya kulia, na ile ngozi iliyolowa mafuta ikashika moto. Mahmudu alihangaika kuivua. Ilipotoka, mkono ulikuwa umeungua vibaya. Hawa akavuka barabara mbio, kikombe cha mawese mkononi, ili ampake.

"Hapana weka mafuta!"

Aliyepaza sauti ni jirani yao Clarisse, anayefundisha vijana kuchomelea vyuma. Watu humwita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Lete maji safi, ya baridi! Mingi!"

Walimwagia maji taratibu, kwa muda wa dakika ishirini hivi. Kisha Clarisse akaufunika mkono kwa kitambaa safi, wakampeleka kituo cha afya. Muuguzi aliutazama, akasema utapona. Lakini hakuahidi kwamba vidole vyote vitakunjika tena. Na fundi asiyeweza kukunja vidole atashikaje kazi?

Nje, Clarisse aliinusa glavu iliyoungua, aliyokuja nayo.

"Yaya Clarisse, ni mimi," Hawa alisema. "Nilizipaka mawese. Baba alikuwa anafanya vile kwa ngoma."

"Ngoma haikutane na cheche, mudogo wangu."

"Nilitaka asiungue!"

"Najua. Lakini moto haujue mapendo."

Hawa alilia kwa kwikwi. Clarisse alikuwa anaishi hatua chache tu kutoka kwao. Kwa nini hakumwuliza?

Siku zile Hawa alimlisha mumewe kwa mkono wake. Jioni moja alilirudisha tonge sahanini.

"Baba Nadia, unisamehe."

Mahmudu alimgeukia.

"Mafuta niliyasikia harufu," alisema. "Nilivaa, nikacheka. Mi njo fundi, si wewe. Tulikosa sisi wawili. Sasa leta ule ugali, usipoe."

Mkono ulipoanza kupona, Hawa alimwomba Clarisse waende pamoja kununua glavu. Muuzaji, Dany, aliwaonyesha za uzi, zenye viganja vya plastiki.

"Mama, beba hizi za bluu! Ziko muzuri sana!"

"Ziko muzuri kwa kubeba matofali," Clarisse alimjibu. "Kwa moto, plastiki inayeyuka na kunata kwa ngozi."

"Yaya, utaua biashara yangu!"

"Heri biashara ife kuliko kidole. Toa zile za ngozi."

Clarisse alimpa Hawa jozi moja azishike mwenyewe.

"Ona, ngozi iko nene na kavu. Inapita kifundo, inafunika mukono mpaka huku. Angalia mishono, cheche isipate mulango. Na isibane. Akikunguta mukono, itoke mbio."

"Na ikilowa?"

"Anika kivulini, penye upepo. Hapana jua kali, hapana karibu ya moto. Ikishika mafuta ao ikitoboka, ni ya kutupa."

"Basi atakuwa anazivaa kwa kazi yote."

"Hapana! Kwa mashine ya kutoboa chuma, avue. Mashine ikikamata gan, inavuta na mukono ndani."

Hawa alirudia maneno hayo mpaka nyumbani, kama mtoto anayetumwa dukani.

Sasa Mahmudu amerudi kazini, ingawa hufanya polepole. Vidole viwili havikunjiki, na nanga kubwa huwaachia wengine. Hawa naye, mtu akija kutaka mawese ya kulainisha ngozi, humwuliza kwanza: "Ngozi hiyo itakutana na moto?" Juzi mke wa fundi mmoja alisema ndiyo. Hawa alikataa kumwuzia. Alimkalisha, akamweleza yote, hata yale yanayomuuma. Yule mama aliondoka na dumu tupu.

Ng'ambo, Mahmudu alikuwa anaunga dirisha. Cheche ziliangukia glavu mpya, zikazimika zenyewe. Alipomaliza aliivua, akampungia mkewe mkono. Alipoukunja, vidole viwili vilibaki vimenyooka.

Hawa aliviangalia. Kisha naye akainua mkono wake, akampungia.