Programu ya Msusi

Foleni ya dukani ilikuwa imesogea, lakini kaka aliyekuwa mbele ya dada mmoja hakuwa na habari. Shati la samawati limenyooka kwa pasi, miguuni ndala, macho yamezama kwenye simu.

"Kaka, hiyo sabuni unainunua au unaisomea?"

Akageuka, akacheka. "Samahani, dada. Najifunza lugha mpya ya kompyuta. Ya tano."

"Na hizo nne zimekukosea nini?"

Walitaniana mpaka kwa mwenye duka. Kaka alikuwa mtengeneza programu. Dada alikuwa msusi, mwenye saluni ya viti vitatu. Haukupita muda wakawa wanapigiana simu kila mchana, na msusi akambandika jina: Profesa.

Wateja wa saluni walikuwa wakigombania viti, hivyo Profesa akamtengenezea programu ya miadi. Kila mteja akajichagulia saa kwenye simu yake, na kelele zikaisha. Hapo mwenye akili angepumzika. Profesa akajifunza zana nyingine, akaibomoa ile programu, akaanza upya. Hajamaliza, akasikia kuna nyingine tena.

"Hii ni kali zaidi, mpenzi. Utaipenda."

"Ile ya kwanza nilishaipenda."

Hakusikia. Akaibadilisha, na Jumamosi miadi yote ikapotea. Wateja wakamiminika asubuhi kwa mpigo, bibi harusi mmoja kati yao, shela mkononi, machozi yakimharibia wanja. Msusi alisuka bila hata chai mpaka vidole vikafa ganzi.

Profesa alipiga simu jioni. "Mama watoto, nisamehe."

"Watoto gani? Kila kinachokufaa unakiacha ukifuata kipya. Kesho utasikia kuna msusi bora kuliko mimi."

"Jamani, wewe si programu."

"Basi usinifanyie majaribio." Akakata.

Mama yake msusi, aliyekuwa akimsaidia kukunja taulo pale saluni, hakuinua kichwa. "Mtaka yote hukosa yote. Lakini huyo si mhuni, mwanangu. Ni mwoga. Anaogopa kuonekana hajui."

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Kwa hiyo Profesa alipotokea mlangoni baada ya siku kadhaa, macho yamemtumbukia, hakumfukuza. Alimwonyesha kiti.

"Nimeirudisha ile ya kwanza," Profesa alisema. "Kazini wakitaja kitu nisichokijua, natokwa na jasho. Nakimbilia kujifunza. Sasa najua mwanzo wa mambo mengi, mwisho wa hata moja siujui. Masomo yote nimeyaacha. Nimebakiza moja."

"Enhe. La nini hilo?"

"La kutunza nakala. Miadi yako isipotee tena."

Msusi aligeukia kioo asionekane akitabasamu. "Kaa hapo tuone."

Alikaa mpaka jioni. Wateja wakaja mmoja mmoja, kila mtu kwa saa yake, na hakuna aliyenuna. Mmoja alimwuliza Profesa kama amekuja kusukwa.

Wa mwisho alipotoka, Profesa alisimama. "Nataka kuja kwenu kuzungumza na wazee. Nikikaa, nakaa."

Msusi alimtazama mama yake.

"Aje Jumapili," mama alisema. "Na kompyuta aiache kwake."

"Umesikia, Profesa?"

"Nimesikia."

"Basi shika ufagio. Hizo nywele chini hazijifagii."

Akaanzia mlangoni. Msusi hakumsimamia; alijua safari hii atamaliza.