Mkia wa Kiberiti

Kila siku akitoka shule, Speciosa hakupitia jikoni kama wasichana wengine wa Biharamulo. Aliweka daftari zake dirishani, akavua sare, akavaa gauni kuukuu lenye madoa ya grisi na kwenda moja kwa moja kwenye gereji ya baba yake, nyuma ya nyumba. Kazi yake ilikuwa kufagia, kupanga spana kuanzia ndogo hadi kubwa, na kumpa baba yake chombo kabla hajamaliza kukitaja. Fundi Pancras akiwa amelala chini ya gari alinyoosha mkono tu, na spana ikatua kiganjani.

Kazi hiyo zamani ilikuwa ya kaka yake, Renatus. Lakini mwaka ule wa vita vya Kagera, Renatus alikwenda na mgambo, na Speciosa akashika nafasi yake. Watu walishangaa kumwona msichana wa darasa la sita akitambua shokomzoba mbovu kwa kubonyeza bodi ya gari. Fundi Pancras aliwaambia, "Huyu ndiye mkono wangu wa kulia." Speciosa alijifanya hakusikia, kumbe alisikia, na akalala na maneno hayo moyoni.

Ndipo akaja Zita.

Zita alikuwa mtoto wa shangazi yake, kutoka Mabawe, wilaya ya Ngara. Shule ya kijiji chao kipya cha Ujamaa ilikuwa imefika darasa la nne tu, kwa hiyo aliletwa kwa mjomba wake asome. Alikuwa msichana mwembamba asiye na maneno mengi, aliyezungumza Kiswahili kwa kupima kila neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Babu yake mzaa baba alitengeneza katambuga, vile viatu vya matairi, na Zita alikuwa amekaa miguuni pake tangu utotoni. Alijua kukata tairi kama wengine wanavyojua kumenya ndizi.

Wakati huo vipuri havikupatikana madukani. Kilichokuwapo kilikwenda vitani. Kwa hiyo mafundi walikata bushi wenyewe kutoka matairi ya malori yaliyochakaa. Bushi ni ule mpira unaokaa kati ya chuma na chuma ili visigongane wala kuchezacheza. Zita alipoona mjomba wake akihangaika na kisu, alisema polepole, "Mjomba, naomba nijaribu." Akajaribu. Tangu siku hiyo Fundi Pancras alianza kusema "Zita, njoo uone hili," na Speciosa akaanza kubwaga spana chini badala ya kuziweka.

Gari lililoleta yote lilikuwa la Bwana Amri, mwenye duka la vitambaa. Lilikuwa gari la mashindano, fupi, jekundu, lenye milango miwili. Alilinunua kwa mhandisi mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Mji mzima uliliita Kiberiti. Watu walimcheka Bwana Amri kwa kununua gari lisilobeba hata magunia mawili, lakini malori yalipochukuliwa na jeshi, Kiberiti kikawa gari la kila shida. Sasa kilimpeleka Nesi Verediana vijijini kuchanja watoto surua.

Siku moja bushi ya nyuma, upande wa kulia, ilikuwa imekwisha. Fundi Pancras aliwaambia wasichana wote wawili wakate moja moja. Zita alikata kwenye uso wa tairi, pale palipo pagumu penye nyuzi ndani, hata akajikata kidole. Speciosa alitaka kumaliza wa kwanza. Alikata ubavuni, ambako mpira ni laini na kisu hupita kirahisi. Kwa macho zote mbili zilifanana.

Fundi Pancras aliichukua ya Zita, akaibinya, akaigeuza kwenye mwanga. "Hii ni kazi ya fundi mkubwa," alisema. Ya Speciosa aliiweka mezani bila kuibinya. "Yako tutaiangalia siku nyingine, mama."

Siku nyingine. Baba alipoingia chini ya gari na kusema, "Paka bushi grisi, unipe," Speciosa alipaka grisi ile ya kwake na kumpa. Ya Zita aliifunika kwa kiganja, akatoka nayo hadi chooni na kuitupa shimoni. Hakutaka gari liharibike. Aliwaza tu: Kiberiti kikienda vizuri wiki nzima, nitasema mbele ya wote, bushi mliyoisifu ni yangu.

Haikufika wiki. Asubuhi ya Jumamosi Kiberiti kiliingia uani polepole, vumbi mpaka madirishani. Bwana Amri alishuka na kusimama ameshika mlango.

"Shikamoo, Bwana Amri," walisema wasichana.

"Marahaba, wanangu. Fundi, gari hili limetaka kuniua. Nilikuwa naangalia upande wa Kaniha, mara nikajikuta naangalia nilikotoka."

"Nyuma ilitangulia?"

"Mkia ulinipita, Fundi. Niligeuza usukani kidogo tu, mkia ukachomoka. Tumesimama ukingoni mwa mtaro."

"Kona ya wapi? Kulia au kushoto?"

"Kushoto."

"Ulikuwa umekanyaga mafuta au umeachia?"

Bwana Amri alifikiri. "Nimeachia. Kulikuwa na mbuzi."

"Mbuzi amepona?"

"Mbuzi amepona. Niulize mimi kama nimepona."

Fundi Pancras hakucheka. Aliwaeleza wasichana kama kawaida yake. "Gari hili husukumwa na magurudumu ya nyuma. Likikata kushoto, uzito wote hulalia gurudumu la nyuma la kulia. Ukiachia mafuta ghafla, injini inazuia magurudumu yaleyale. Basi kama nyuma kuna kitu hakikushika, hapo ndipo kitajionyesha. Tusikisie. Tuanze na kilicho rahisi."

Alipima upepo wa matairi kwa geji, ulikuwa sawa. Alibonyeza bodi kila pembe. Shokomzoba zilikuwa nzima. Aliinua nyuma kwa jeki na kuzungusha magurudumu kwa mkono, asikie kama breki inakamata upande mmoja. Haikukamata. Speciosa alimpa kila chombo, na kila mara baba aliposogea karibu na gurudumu la kulia, alijifanya anapanga spana.

Mwisho Fundi Pancras alishusha jeki, akachukua uzi mrefu wa kunyoosha ubavuni mwa matairi ya kulia. "Zita, shika mbele. Speciosa, shika nyuma. Nitalisukuma gari kinyumenyume, gurudumu la nyuma likiwa limezuiwa na jiwe. Kama mkono wa chuma unaolishika umelegea, gurudumu litapinda na uzi utaachana na tairi. Mimi nitakuwa mbele, sitaona. Speciosa, macho yako ndiyo macho yangu."

Alisukuma. Gurudumu lilijongea nje taratibu, kama mtu anayegeuza shingo. Kati ya uzi na tairi pakatokea mwanya wa kutosha kupitisha kidole. Speciosa aliuona. Aliona pia kitakachofuata: mkono wa chuma unafunguliwa, bushi laini inatoka, baba anasema hii si kazi ya Zita.

"Uzi umegusa tairi?" aliuliza baba.

"Umegusa, baba."

"Una hakika?"

"Umegusa."

Fundi Pancras alifuta mikono. "Basi limebaki jambo moja. Matairi ya nyuma yamelika kuliko ya mbele. Nitayabadilisha, yaliyo mazuri yaende nyuma. Lakini, Bwana Amri, moyo wangu haujatulia. Nenda polepole."

"Nitakwenda kama bibi harusi," alisema Bwana Amri.

Wakati matairi yanafungwa, Nesi Verediana alifika na sanduku la chanjo, barafu ikigongana ndani. "Watoto wa Kaniha wamekusanywa tangu asubuhi," alisema. "Binti, nishikie hili niingie."

Speciosa alilipokea. Lilikuwa baridi na zito. Nesi aliingia kwa shida katika kiti kile cha chini, akapanga kanga yake, akanyoosha mikono. "Nipe, mwanangu. Mungu akubariki."

Maneno hayo yalimchoma. Bwana Amri aliwasha injini. Kiberiti kilianza kujongea kuelekea barabarani, na Speciosa akajikuta amekimbia na kusimama mbele yake, mikono juu ya bodi yenye joto.

"We mtoto, una nini?" alisema Bwana Amri akikanyaga breki.

"Baba," alisema Speciosa, bila kumtazama mtu. "Uzi haukugusa."

Injini ilizimwa. Fundi Pancras alikuja, akamtazama kwa muda mrefu. Hakumpiga wala hakupandisha sauti. "Leta spana ya kumi na saba," alisema.

Alifungua mkono wa chuma na kuitoa bushi. Ilikuwa imepondeka na kupasuka upande mmoja. Aliibinya, ikabonyea kama andazi. "Hii si ya Zita. Haina nyuzi."

"Ni yangu. Niliibadilisha."

"Na ya kwake iko wapi?"

"Niliitupa chooni."

Zita, ambaye siku zote hakuwa na maneno, safari hii aliyapata. "Chooni? Mimi nimejikata kidole kwa ajili ya ile. Ungeniambia tu unaitaka, ningekupa. Unadhani mimi nimekuja huku kukunyang'anya baba? Ninaye wangu Mabawe."

Nesi Verediana alitoa kichwa dirishani. "Barafu inayeyuka. Kateni kwanza, mtagombana baadaye."

Zita alichukua kisu. Fundi Pancras alimwelekeza Speciosa ashike tairi. Mpira wa usoni ulikuwa mgumu kweli; mara kadhaa kisu kiligoma, na Speciosa alilazimika kukandamiza kwa magoti yote mawili. "Ondoa kidole hapo," alisema Zita, bado kakasirika. Baadaye kidogo alisema, "Vuta kuelekea kwako. Nyuzi zilale upande mmoja." Speciosa alivuta.

Bushi ilipofungwa, uzi ulinyooshwa tena. Safari hii Fundi Pancras alimpa Bwana Amri kusukuma, na yeye mwenyewe akachuchumaa nyuma na kutazama. Gurudumu halikujongea. Aliendesha Kiberiti hadi kona ya kwanza, akakata kushoto na kuachia mafuta makusudi, mara moja, mara ya pili. Mkia ulifuata mahali ulipopaswa kufuata. Ndipo Bwana Amri na Nesi Verediana wakaondoka, na vumbi jekundu likabaki nyuma yao.

Fundi Pancras alikaa juu ya tairi kuukuu na kumwita binti yake.

"Bushi mbovu si kosa kubwa," alisema. "Nimekata nyingi. Hata hii, ningeibinya kabla ya kuifunga ningeijua, kwa hiyo na mimi nina fungu langu la kosa, pia kwa kuiweka kazi yako mezani bila kuitazama. Lakini uliposema uzi umegusa, ulinifumba macho. Fundi aliyefumbwa macho hutuma watu kaburini huku akiwapungia mkono. Kumwonea mwenzako wivu kunaweza kumpata yeyote. Ukiuona umekuja, sema, au jifunze anachokijua yeye. Usiuache ukusemee uongo, kwa sababu wanaoumia huwa ni watu wasiojua hata kwamba una wivu."

"Nimekosa, baba."

"Si mimi ninayepaswa kuambiwa hivyo kwanza."

Zita alikuwa anafagia vipande vya mpira karibu na mlango. Speciosa alikwenda akamwambia. Zita aliendelea kufagia kwa muda, kisha akampa ufagio, akaenda kuchagua kipande kingine cha tairi na kunoa kisu. Wivu haukumtoka Speciosa siku ile wala kesho yake. Lakini jioni hiyo alikata bushi nne usoni mwa tairi, tatu zikaharibika, na ya nne aliipeleka mwenyewe kwa baba yake na kusema, "Ibinye."