Ukindu wa Mwanajuma

Pale Zinga hapakuwa na mtu asiyeijua sheria hii: amsingiziaye jirani uchawi humtaka radhi mbele ya watu, na alichokiharibu hukirudisha kwa mikono yake mwenyewe.

Mikdad aliijua tangu utotoni. Hata hivyo, aliuchoma moto ukindu wa Mwanajuma, yale majani ya kusukia mikeka.

Mama yake Mikdad, Bi Hafidha, alikuwa fundi wa mikeka asiye na mfano. Mwaka ule alianza kupotea ndani ya kazi yake. Alisuka ukili, ule ukanda wa mkeka, akaufumua, akausuka tena. Siku moja alimwuliza Mikdad, "Wewe ni mtoto wa nani?" Kwa kuwa ukindu ulitoka kwa Mwanajuma, jirani na shoga yake wa miaka mingi, Mikdad alikata shauri: mama amerogwa.

"Mimi mchawi?" Mwanajuma alimaka mbele ya majivu. "Ningekuwa na uchawi, ningeanza na jogoo wako anayenikosesha usingizi!"

Watu walicheka. Mwanajuma hakucheka, wala hakukivuka tena kizingiti cha Bi Hafidha.

Ndipo Zeyana, binti wa Bwana Muhanna mwenye duka, alipokuja likizo. Alikuwa akisomea maradhi ya ubongo ng'ambo. Alipita kumwamkia Bi Hafidha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwanajuma mbona haji?"

Mikdad aliinamisha kichwa, kisha akaeleza yote.

"Kaka Mikdad, mpeleke hospitali," alisema Zeyana. "Usahaulifu una sababu nyingi, na nyingine hutibika. Ila nachelea ni Alzaima. Hayo ni maradhi ya ubongo. Si uchawi, wala si uzee mtupu."

"Mmeyajuaje? Mnawafungua watu vichwa?"

"La. Twaomba kipande kidogo cha ngozi, kwa ridhaa ya mwenyewe. Maabarani twazirudisha chembe zake hai, yaani seli, katika hali ya uchanga. Hapo huitwa seli shina. Kisha twazilea ndani ya kisahani, zikue kuwa chembe za ubongo."

"Acha mzaha, Zeyana! Ukindu uliokauka haurudi kuwa chipukizi."

"Ukindu haurudi. Chembe ya ngozi yarudi. Wako watu waliorithi jeni zinazozidisha hatari ya maradhi haya. Twalinganisha chembe zao na za wengine, tuone zinaharibikaje, ili tiba itafutwe."

Mikdad aliwasha sigara. "Basi nami nimerithi?"

"Huenda. Lakini hatari si hukumu. Wako waliorithi wasiugue, na wasiorithi wakaugua. Acha hiyo sigara, pima shinikizo la damu, tembea kwa miguu. Na mama asikae peke yake. Kazi aliyoizoea na mtu aliyemzoea vitamfaa."

Maneno hayo yalimchoma. Mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Hospitalini daktari alimpima Bi Hafidha kwa makini. Maradhi yalikuwa yale yale. Dawa ya kuyaondoa haijapatikana, alisema, lakini matunzo mema humpunguzia mgonjwa taabu.

Mikdad aliingia porini, akakata ukindu, akauanika, akaupika rangi. Ijumaa, watu walipotoka msikitini, alisimama mlangoni kwa Mwanajuma na mzigo wa ukindu, vidole vyake vikiwa vya zambarau.

"Bi Mwanajuma, nilikusingizia. Nakutaka radhi."

Mwanajuma aliugeuzageuza mzigo ule. "Rangi umeipika vibaya," alisema. "Lakini deni limekwisha, mwanangu."

Akaenda moja kwa moja uani kwa Bi Hafidha, akaketi jamvini, akaanza ukili, na ncha yake akamtia mwenzake mkononi. Vidole vya Bi Hafidha vikaifuata njia viliyoijua.

"Umechelewa leo, shoga."

"Nilizuiwa njiani," alijibu Mwanajuma.