Ukuta wa Nyuma ya Kabati

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Sentimita alimsindikiza bibi yake chooni. Choo kilikuwa nyuma ya nyumba, upande wa pili wa uwanja, na kutoka kitandani kwa Bibi hadi kwenye mlango wake zilikuwa hatua arobaini na moja. Msichana huyu alizijua kwa sababu alihesabu na kupima kila kitu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mfupi kuliko wenzake wote darasani, na siku zisizo za shule tepu ya kupimia haikumtoka shingoni. Ndiyo maana walimbandika jina hilo, naye akalipokea bila kununa.

Tepu alipewa na Bibi, ambaye alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini.

"Usinikamate hivyo kama mwizi wa kuku," Bibi alilalamika walipokuwa wakivuka uwanja. "Nishike kwa heshima. Watu wanatuona."

"Hakuna mtu, Bibi. Hata jua bado halijatoka."

"Basi jogoo wanatuona."

Bibi alipenda utani, lakini Sentimita alisikia jinsi alivyokuwa akihema. Miezi miwili nyuma, siku ya mvua, Bibi aliteleza hapo hapo uwanjani akaumia nyonga. Alilazwa siku tisa. Aliporudi alikuwa na fremu ya chuma yenye miguu minne, ya kushikilia wakati wa kutembea, na aliichukia fremu hiyo kuliko dawa chungu. Mchana, watu wakiwepo, aliificha nyuma ya mlango akatumia mkongojo.

Kisha Shangazi, aliyeishi mji mwingine, akampigia Baba simu. "Kaka, Mama hawezi kuendelea kwenda choo cha nje. Mwisho wa mwezi ujao nakuja kumchukua. Kwangu choo kimo ndani."

Bibi alipoambiwa, uso ulimshuka. "Nikakae huko nimtazame nani? Majirani zangu wako hapa. Mjukuu wangu yuko hapa. Nyinyi mnataka kunihamisha kama meza."

Baba alifikiri siku mbili, halafu akaamua. Kando ya chumba cha Bibi, ukuta kwa ukuta, palikuwa na stoo. Ingegawanywa sehemu mbili: bafu lenye choo, na chumba kidogo cha nguo. Hicho cha nguo kilikuwa sharti la Bibi mwenyewe.

"Maisha yangu yote nimevalisha watu," alisema. "Nguo zangu ziko kwenye masanduku chini ya kitanda. Nataka na mimi niingie mahali, nisimame katikati ya nguo zangu, nichague, kama mteja dukani. Na choo kikiwa ndani, huyo shangazi yenu atakosa la kusema."

Fundi aliyeitwa alikuwa mtu wa maneno machache. Aliizunguka stoo, akagongagonga kuta kwa vidole, akauliza, "Nani hapa anajua kupima?"

Wote walimtazama Sentimita.

"Basi wewe ndiye mchoraji wangu. Niandikie urefu wa kila ukuta, mlango na dirisha. Tutapanga kwenye karatasi kwanza. Kosa la kwenye karatasi nalifuta kwa kifutio. La kwenye ukuta nalifuta kwa nyundo."

Jumamosi Sentimita aliingia stoo na daftari. Alipima ukuta mrefu: mita tatu na sentimita arobaini. Akapima ukuta mfupi wenye mlango: mita mbili na sentimita ishirini. Dirisha alilipima mara mbili. Lakini ukuta mfupi wa mwisho ulikuwa umezibwa na kabati kubwa la Bibi. Alilisukuma kwa bega, halikutikisika. Kaka yake alikuwa akipita na mpira kwapani.

"Kaka, nisaidie tulisogeze."

"Kabati hilo? Lina majora ya vitambaa na vyuma vya cherehani tatu. Mimi si trekta."

"Sasa nitapimaje?"

"Wewe nawe! Chumba kina pembe nne. Ukuta wa huku ni mbili na ishirini. Wa kule utakuwa nini, kilomita? Andika tu." Naye akaenda zake.

Sentimita alisimama na kalamu mkononi. Fundi alikuwa amemwita mchoraji mbele ya watu wote. Angemwambiaje kwamba ukuta mmoja umemshinda? Akaandika 220. Aliiandika kwa wino ule ule na mwandiko ule ule wa namba nyingine, na hakuna jicho ambalo lingejua ipi ilipimwa na ipi ilikisiwa.

Mchoro ulitoka safi. Bafu alilipanga mwisho kabisa wa stoo, upande wa kabati, kwa sababu shimo la majitaka lilikuwa nje ya ukuta huo. Mbele yake aliweka chumba cha nguo. Bibi angetoka kitandani, apite katikati ya nguo, aingie bafuni. Fundi aliposhika karatasi hiyo alitoa tepu yake akapima kuta mbili kati ya zile zilizokuwa wazi.

"Kamili," alisema. "Nina vijana wawili wa kazi, hakuna anayepima hivi." Akalitupia kabati jicho. "Hili tutalitoa siku ya kazi."

Sifa hizo zilimwingia Sentimita kama mwiba. Alitabasamu, lakini hakulitazama kabati.

Siku iliyofuata Fundi alichora stoo nzima kwa chaki kwenye sakafu ya uwanja, kwa ukubwa wake halisi. Kigoda kikawa choo, ndoo ikawa sinki la kunawia, na mistari miwili iliyoachana sentimita sitini ikawa mlango wa bafu.

"Mama, pita tuone," alisema.

Bibi alitoka akiwa amevaa gauni la kutokea, mkongojo mkononi, mgongo umenyooka.

"Fremu je?" aliuliza Fundi.

"Fremu ya wagonjwa hiyo. Nitakuwa nimeitupa kabla rangi ya ukuta haijakauka."

Akapita mlango wa chaki, akazunguka ndoo, akakaa kwenye kigoda kama malkia. "Linanienea kama gauni nililojishonea mwenyewe!"

Baba alipiga makofi. Sentimita aliona jinsi Bibi alivyouelemea mkongojo kwa uzito wake wote. Aliona, akanyamaza. Alikuwa na lake la kuficha.

Siku tano zilizofuata hakuwa na raha. Darasani alikosea hesabu ya eneo la mstatili, yeye ambaye wenzake walimnakili. Alijiambia kwamba namba ile huenda ni sahihi. Kisha akajiuliza: kama ni sahihi, mbona naogopa kwenda kuipima?

Jumamosi asubuhi Fundi alifika na sururu begani. Alikwisha kuvuta uzi kutoka ukutani hadi kwenye shimo la majitaka, kuonyesha mfereji utakapopita. Akatemea viganja mate, akainua sururu.

"Fundi! Usichimbe!"

Sururu ilibaki hewani. Sentimita alikuwa amesimama juu ya uzi, miguu peku.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umeniamkia au umenizuia?"

"Kuna namba moja sikuipima."

Baba alitoka jikoni na kikombe cha chai. "Unasema nini?"

"Ukuta wa nyuma ya kabati. Kaka aliniambia..." Akamtazama kaka yake aliyekuwa mlangoni. "Hapana. Niliandika mwenyewe. Nilikisia."

Alingoja ngurumo. Fundi aliteremsha sururu polepole, akaiegemeza ukutani. "Haya," alisema. "Twende tukalisogeze."

Kaka alibeba majora bila kuambiwa, akiyapanga kitandani kwa Bibi huku ameinamisha kichwa. Kabati lilipoondoka, Fundi alimpa Sentimita upande mmoja wa tepu. "Soma mwenyewe."

Alisoma, akasoma tena. "Mia moja tisini na sita."

Ukuta wa nje haukunyooka. Aliyeijenga nyumba alifuata mpaka wa kiwanja cha jirani, na stoo ikawa inapungua kadiri unavyoelekea mwisho.

"Sentimita ishirini na nne tu," alisema Kaka. "Hata rula inazidi."

"Ndiyo nafasi ya mguu wa mtu kupita," alisema Fundi. "Ningeligundua kosa hili, lakini baada ya kuchimba na kulaza bomba."

Walitoka wakaenda uwanjani. Fundi akafuta mstari wa chaki akachora mwingine, akasogeza kigoda na ndoo. Nafasi ya kupita katikati yake ilikuwa nyembamba kama kichochoro. Bibi, aliyekuwa ameketi kizingitini akisikiliza yote, alikitazama kichochoro hicho.

"Mjukuu wangu," alisema. "Nenda nyuma ya mlango wangu. Niletee ile fremu."

Alisimama nayo, akaisukuma mbele, hatua moja, kisha nyingine, mpaka kwenye mlango wa chaki. Miguu ya fremu ilikanyaga mistari yote miwili. Hata mlangoni isingepita.

"Mama!" alisema Baba.

"Usiniite kwa sauti hiyo, mimi ndiye niliyekuzaa. Siku ile nilijikaza kisabuni. Hii fremu naitumia kila usiku, nanyi hamnioni. Daktari alisema nitakuwa nayo mwaka mzima, labda zaidi."

Fundi alikaa juu ya mfuko wa saruji, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mmoja amenidanganya ukuta, mwingine amenidanganya miguu! Nimeponea chupuchupu kwenye nyumba hii."

Baba hakucheka. "Sasa tutafanyaje? Dada anakuja baada ya wiki tatu."

Bibi aliangalia chini. "Ondoeni chumba cha nguo. Bafu lichukue stoo yote. Masanduku yangu yatarudi chini ya kitanda."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, lakini hakumtazama mtu. Sentimita akauchukua mchoro wake, akausoma kwa ukweli mpya: huku kupana, kule kwembamba. Akaugeuza juu chini.

"Fundi, nguo huwa zinageuka?"

"Zinageuka vipi?"

"Bibi akiwa na fremu anahitaji nafasi ya kugeuka. Nguo zinaning'inia tu, hazina pa kwenda. Kwa nini tusiziweke kule kwembamba, bafu likaja huku kupana?"

Fundi alikuna kidevu. "Shimo la majitaka liko kule."

"Bomba haliwezi kurefushwa?"

"Linaweza. Mita mbili za mfereji zaidi, na mteremko uangaliwe vizuri." Macho yake yakaenda na kurudi kwenye karatasi. "Na bafu litakuwa na mlango wake kutoka chumbani, na chumba cha nguo nacho tutakitobolea wake. Mama hatapita kwenye nguo, na mvuke hautazifikia zikaota ukungu. Mlango ufunguke kwa nje, ili mtu akianguka ndani asiuzuie kwa mwili wake. Baba Sentimita, una jembe?"

"Ninalo."

"Na huyu kijana?"

"Leo mimi ni trekta," alisema Kaka, akaweka mpira chini.

Sentimita alichora upya. Safari hii alipima kila ukuta, akapima na fremu: sentimita sitini na sita. Mlango ukaandikwa themanini na tano. Kulikuwa na sehemu moja, kina cha shimo, ambayo hakuweza kuifikia. Hapo aliweka alama ya kuuliza. Fundi alipoiona alisema, "Alama hii ndiyo namba nzuri kuliko zote humu. Inaniambia niende nikapime."

Shangazi alifika siku aliyosema, na begi kubwa tupu. Alimkuta Bibi akisukuma fremu yake, mchana kweupe, mbele ya wageni, kuelekea bafuni. Alipomfuata ili amshike, mlango ulifungwa.

"Msinisimamie hapo kama walinzi wa benki!" ilisikika sauti kutoka ndani. "Nendeni mkanywe chai!"

Shangazi alikaa siku mbili, akaondoka na begi lenye gauni moja tu, ambalo Bibi alimchagulia kwenye chumba cha nguo.

Jioni hiyo Bibi alimwita Sentimita humo. Magauni yalikuwa yamening'inia pande zote, majora yamepangwa kwenye rafu.

"Unajua kwa nini sikukugombeza siku ile ya kabati?"

"Kwa sababu na wewe ulikuwa umedanganya."

"Mdomo huo!" Bibi alicheka, kisha akatulia. "Ni kweli. Lakini sikiliza. Katika kushona kwangu nimeharibu nguo nyingi. Hakuna hata moja iliyoharibika kwa sababu ya kusema sijui kipimo. Niliposema sijui, mteja alirudi, nikampima, yakaisha. Zilizoharibika ni zile ambazo niliona haya kumwita mteja tena, nikakisia, nikakata. Kutojua si aibu, mjukuu wangu. Aibu ni kuandika kisio kana kwamba ni kipimo, kisha watu wakajenga juu yake."

Sentimita aliinamisha kichwa.

"Usiiname. Ulisema kabla sururu haijashuka, miguu peku, mbele ya watu. Mimi mtu mzima nilikuwa nimeshindwa kusema langu. Nilipokusikia, ndipo nikaweza kukutuma ulete fremu." Akampapasa bega. "Ukikosea tena, na utakosea, fanya hivyo hivyo. Haraka, na kwa mdomo wako mwenyewe. Haya, sasa nipishe. Nataka kuchagua gauni la kesho, na wewe umesimama mbele ya yale mazuri."