Bwana Ghala Aziba Nyumba

Palikuwa na mzee aliyetunza ghala la nafaka kwa muda mrefu sana, mpaka watu wakaacha kumwita kwa jina lake. Walimwita Bwana Ghala. Mkewe alikuwa mpishi wa shule. Wanafunzi walimpa jina la Mama Mwiko, maana mwiko haukumtoka mkononi hata alipokwenda kusalimia walimu ofisini.

Wote wawili walikuwa wamestaafu. Au tuseme ukweli: Mama Mwiko alikuwa amestaafu. Mumewe alistaafu kwenye karatasi tu.

Kila asubuhi Bwana Ghala alikagua nyumba. Alitikisa makufuli, akanusa gunia la unga, kisha akauliza ni nani aliyesogeza ndoo. Nyumba yenyewe ilikuwa na watu wawili, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akiuliza.

"Ni mimi," Mama Mwiko alijibu bila kugeuka. "Nilikuwa napiga deki. Nipeleke polisi."

Basi mwaka ule ukaingia ugonjwa mpya, ule uliofunga shule na masoko. Binti yao alikuwa ndiyo kwanza amejifungua, na huyo mtoto alikuwa mjukuu wao wa kwanza. Hawakuwa wamemwona. Binti akapiga simu akawaambia kwamba ugonjwa ukipungua kidogo atamleta. Kwa sasa wanawe mikono kwa sabuni, wavae barakoa wakitoka, na wasiende kwenye watu wengi. Mwisho akasema wafungue madirisha, hewa ipite.

Hilo la madirisha Bwana Ghala hakulisikia. Alikuwa ameshampa mkewe simu, yuko stoo anatafuta selotepu.

Akaziba madirisha yote. Akaziba na nyufa za milango. Chini ya mlango wa uani akasokota gunia kuukuu. Mama Mwiko akamwambia binti amesema wafungue, tena akamuuliza kama anataka kuwakausha kama samaki.

"Adui akiwa nje, unaziba," Bwana Ghala alisema. "Ghalani tulikuwa tunaziba kila tundu, tunaweka dawa, na hakuna fukusi aliyebaki kusimulia."

Na dawa akaiweka. Alinunua ile dawa ya kutoa madoa kwenye nguo nyeupe, akaimimina kwenye mabeseni bila kuongeza maji, akayapanga ukumbini. Kilichoingia ndani kilipita kwanza mikononi mwake. Viatu vilioshwa, machungwa yakaoshwa, hata mkate ukaoshwa kwa sabuni. Chai ya siku hiyo ilitoa povu.

Mama Mwiko alivumilia. Alivumilia kwa sababu moja tu. Mumewe alikuwa ameapa kwamba mtoto mchanga hataingia kwenye nyumba isiyo safi, na Mama Mwiko alitaka mtoto aje. Alikuwa ameshamfumia kofia ya njano. Kila alipoiona pale mezani, roho yake ilitulia.

Hatimaye binti akapiga simu. Ugonjwa umepungua, wanakuja Jumapili.

Lakini Mama Mwiko alikuwa ameanza kukohoa. Macho yalimwasha na koo lilimkereketa. Alikohoa jikoni, akakohoa kitandani, akakohoa katikati ya habari ya redio. Bwana Ghala akapunguza sauti ya redio, akamtazama kama gunia lililolowa.

"Unao," alisema.

"Na wewe je? Tangu juzi unakohoa."

"Changu ni cha vumbi."

Siku hiyo hiyo Mama Mwiko akatengwa chumbani. Chakula kilisukumwa kwa fagio mpaka mlangoni, na maharage yakafika nusu, nusu nyingine ikabaki sakafuni. Kisha akamsikia mumewe kwenye simu akimwambia binti asije. Mama yake anaumwa. Mtoto asiletwe.

Hapo Mama Mwiko akakaa kitandani akalia. Ugonjwa alikuwa tayari kupambana nao. Kilichomuuma ni kwamba mtoto angekua, angeota meno, bila yeye kumbeba hata mara moja.

Bwana Ghala alimsikia akilia, akashindwa kukaa. Mtu mwingine angekwenda kumbembeleza. Yeye akaenda kuchukua dawa ya chooni, ile kali yenye asidi. Kichwani mwake hesabu ilikuwa rahisi: kama dawa moja ina nguvu, dawa mbili zina nguvu zaidi. Akapiga magoti mbele ya mlango wa mkewe, akaimimina kwenye beseni la dawa ya madoa.

Beseni likachemka. Harufu kali ikapanda. Mama Mwiko akaisikia ikipita chini ya mlango, kisha akasikia mumewe akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha vumbi hata kidogo. Akafungua mlango. Mzee alikuwa ameshika ukuta, machozi yanamtiririka. Mama Mwiko akajifunika pua kwa khanga, akamkamata mumewe ukosi wa shati, akamburuta mpaka mlango wa uani.

Mlango haukufunguka. Ulikuwa umezibwa vizuri sana, kazi ya mtaalamu.

Mwiko wake mkubwa wa shule ulikuwa unaning'inia pale pembeni. Akauchomoa, akauingiza kwenye ufa, akachana selotepu kutoka juu mpaka chini, akapiga gunia teke. Wakatoka nje wakianguka, wakikohoa, wakivuta hewa kama watu waliotoka kisimani.

Jirani yao alikuwa muuguzi. Alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua. Alipowaona, hakusubiri kuelezwa. Aliwaambia wasogee mbali na mlango, wanawe macho na uso kwa maji mengi, na mtu asirudi ndani. Mlango wauache wazi. Kisha akavaa barakoa yake akawapeleka zahanati.

Huko walisikilizwa vifua, wakapewa hewa ya kuwasaidia kupumua, wakapimwa pia ule ugonjwa. Majibu yakatoka. Hakuna aliyekuwa nao.

"Sasa alikuwa anakohoa nini?" Bwana Ghala akauliza.

"Alikuwa anakohoa dawa yako, mzee wangu," muuguzi akasema. "Hebu niambie. Mlipokuwa mnaweka dawa ghalani, watu mlikuwa mnakaa humo?"

"Haiwezekani. Watu walitoka kwanza. Ilikuwa sheria."

"Na nyumbani, nani alitoka?"

Mama Mwiko akageukia ukuta kuficha kicheko, kikohozi kikamsaliti.

Muuguzi akawaeleza polepole. Dawa ya madoa na dawa ya chooni zikikutana hutoa hewa ya sumu, na hewa hiyo inaweza kuua. Dawa ya madoa haichanganywi na dawa nyingine yoyote. Huchanganywa na maji baridi peke yake, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na madirisha yakiwa wazi. Tena kwa usafi wa kila siku, sabuni na maji vinatosha. Ugonjwa wenyewe hupenda chumba kilichofungwa, watu wakibanana humo na kupumua hewa ile ile. Upepo ukipita, unapungua nguvu. Wageni wakija, wakae barazani. Na mtu akikohoa, apimwe. Asihukumiwe na mumewe.

Muuguzi alipotoka, wazee wakabaki kwenye benchi.

"Niliogopa," Bwana Ghala alisema. "Nilisema ukiondoka wewe, nitabaki na nani mle ndani? Nitamuuliza nani habari za ndoo?"

Mama Mwiko alikuwa ameandaa maneno makali ya kumpa. Akayameza. Akamshika mkono, akamwambia ampigie binti simu, na safari hii asikilize mpaka mwisho.

Wakarudi nyumbani. Mabeseni yakaondolewa, madirisha yakafunguliwa, pazia likaanza kucheza. Kikohozi kikapungua, kisha kikaisha. Dirisha moja tu lilibaki limezibwa, la stoo, na Mama Mwiko akajifanya hakuliona. Mtu humwachii kitu chake hata kimoja?

Jumapili binti akaja. Walinawa mikono, wakavaa barakoa, wakakaa barazani penye upepo. Mama Mwiko akampakata mjukuu. Kofia ya njano ilikuwa kubwa, ikamfunika mpaka kwenye pua, maana mkono wa Mama Mwiko haukujua vipimo vidogo. Hakujali. Alimbeba mpaka mkono ukafa ganzi, na akakataa kupokewa.

Mara mtoto akapiga chafya.

Wote wakamgeukia Bwana Ghala. Mzee akasimama, akaingia ndani. Binti akashika kichwa. Alijua baba amefuata selotepu.

Kutoka stoo wakasikia kitu kikichanika, praaa, kisha dirisha likigonga ukuta.

Mama Mwiko akamvuta kofia mjukuu, akamfunua macho.

"Umesikia?" akamnong'oneza. "Sasa babu yako amestaafu."