Alisoma Mpaka Mstari wa Mwisho

Ndugu zangu, nyumba ile ilikuwa na amani ya kuonewa wivu. Mke alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilipoanza kulia asubuhi, mumewe alijua siku imeanza vizuri. Kisha kichwa kikaanza kumgonga yule mke. Kila alipoinama kuokota kitambaa, giza lilimfunika kidogo, likaondoka.

Daktari wa macho alimchungulia, akakunja uso.

"Fundi, ndani ya fuvu lako kuna shinikizo kubwa, na neva za macho zimevimba. Meza dawa hizi. Kila mwezi uje nikupime upana wa kuona, siyo herufi tu. Ugonjwa huu huanza kula uoni wa pembeni."

Mwezi wa kwanza alikwenda. Aliegemeza kidevu kwenye mashine, akabonyeza kitufe kila alipoona nukta ya mwanga. Lakini kichwa kilipotulia, mumewe aliona safari zile ni usumbufu mtupu.

"Mama watoto, ubao wa herufi umeusoma mpaka mstari wa mwisho. Uzi unatunga mwenyewe. Kipofu gani huyo?"

Fundi akacheka, maana hata yeye alitaka iwe hivyo. Dawa zilipokwisha, hakuna aliyefuata nyingine.

Akaanza kujigonga kwenye miimo ya milango. Siku moja alimkanyaga mama mkwe aliyeketi kando yake.

"Siku hizi una dharau, mwanangu," mama mkwe alilalamika.

Fundi aliumia, kwa kuwa kweli hakuuona ule mguu. Akaomba radhi, lakini hakusema kwamba haoni pembeni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua; yeye aliumbuliwa na giza. Akawa anaona pale chini ya sindano tu, kama anayechungulia tundu la ufunguo. Ndipo mume akagundua, akamkimbiza kwa daktari.

"Lakini anasoma!" mume alilia.

"Anasoma kilicho mbele yake, bwana. Pembeni kumeshakufa. Nitajaribu kuokoa kilichobaki."

Hakikubaki kitu. Upasuaji ulishusha shinikizo, ila nuru haikurudi. Sasa binti yao mdogo huzunguka mbele yake na kuuliza, "Mama, gauni limenipendeza?" Naye hujibu kwamba limempendeza sana.

FUNZO

Jamani, maumivu kutulia siyo kupona, na kusoma herufi siyo kipimo chote cha macho. Daktari akisema rudi, rudi. Na mgonjwa wenu akianza kujigonga kwenye milango, msimwite mzembe. Mshikeni mkono mumpeleke hospitali, angali anawaona.