Nyumba Isiyo na Komeo

Asia aliiona damu kabla mumewe hajaihisi sindano. Mwalimu Aruna alikuwa barazani kwenye cherehani yake, anashona kanzu ya mteja, na sindano ilikwisha kupita kwenye ukucha wake mara mbili. Bado alikanyaga pedali, akinong'ona mashairi kama kawaida yake.

"Mwalimu! Kidole yako!"

Aruna akakitazama. "Kweli," alisema. "Mi sikusikia kitu."

Wabelgiji walikuwa bado wanatawala, na hapo Kolwezi Aruna alikuwa fundi asubuhi na mwalimu wa Kurani jioni. Wanafunzi walimheshimu. Majirani walimtania, maana tangu ujana alikuwa anatunga utenzi mmoja tu, juu ya nyumba atakayoijenga pwani, akae huko na wanafunzi wake wamtaje Mungu kwa utulivu. Bahari yenyewe alikuwa hajawahi kuiona hata kwa picha. Lakini nyumba alikuwa ameijenga ubeti kwa ubeti, na kuna ubeti alimpa Asia siku ya harusi, ambao Asia aliupenda kuliko mahari:

*Chumba cha mbele, Asia,*
*dirisha nimelitia,*
*upepo wakujilia,*
*humo daima kukaa.*

Ukafuatia ubeti wa mlangoni:

*Nyumba yangu kule pwani*
*haina komeo ndani,*
*asokwao duniani*
*aje humu kupumua.*

Mwaka ule mto Lualaba ulizuiwa kwa ukuta wa bwawa la umeme, maji yakapanda yakafunika bonde na kijiji kizima. Aruna akadandia lori akaenda kuyatazama. Aliyakuta mapana, hayana ng'ambo, machozi yakamtoka. Akaona bahari imechoka kumngoja, imemfuata. Alisimama ukingoni akayaimbia maji utenzi wote, mlango na vyumba. Alirudi nyumbani na furaha yake, na ganzi kwenye ncha za vidole, ile iliyomficha sindano.

Kilikuwa kiangazi, vumbi jekundu limetanda hadi kwenye majani ya mihogo, lakini mkeka wa sebuleni ulilowa kila siku. Nyumba ikanuka matope na nyasi zilizooza. Mchana kweupe Asia alisikia nyayo mbichi sakafuni, chapu, chapu, zikitoka mlangoni na kutafuta mahali pa kukaa. Aruna alisema ni majini, akasoma Yasini yote. Nyayo zilinyamaza mpaka mwisho wa kisomo, kama wageni wenye adabu, kisha zikaendelea.

Na ganzi ikapanda. Kiganja, kiwiko, bega. Chakula kikakosa ladha kinywani mwake. Ilipokuja habari kwamba dada yake amefariki Kasongo, aliipokea kama mtu anayeambiwa bei ya vitunguu, akaendelea kushona. Hapo Asia aliogopa kweli, kuliko alivyoziogopa nyayo.

Aliyewafumbua macho ni mzee Nkulu, muuza makaa, ambaye kijiji chake ndicho kilichomezwa na maji. Alitua gunia mlangoni, akachungulia ndani, akavua kofia.

"Mama, mbona haukuniambia uko na bageni?" alinong'ona.

"Bageni gani, tata?"

Mzee aliuinamia mkeka mtupu, kama anayesalimia wakubwa wake. "Jambo, yaya Numbi. Jambo, mama Ndaya." Kisha akamvuta Asia nje. "Ni bantu ya kwetu, balishakufa. Makaburi yabo iko chini ya mayi, habana fasi ya kulala. Nani alibaita mu hii nyumba?"

Asia aliukumbuka ubeti wa mlangoni, ule ulioimbiwa maji.

"Beko na baridi," Nkulu alisema. "Banaota moto mu mwili ya bwana yako. Baridi ikifika mu roho, njo mwisho. Mwenye kubaita njo atabatosha humu. Abapatie nyumba ingine."

Nyumba nyingine aliyokuwa nayo Aruna ilikuwa moja tu, ile ya utenzi, na alikataa kuitoa. "Ile njo kitu moja Mungu alinipatia," alisema, bila hasira, bila chochote.

"Na weye ukikufa, mi nitalala na shairi?" Asia alilia. Akamwekea mkono kifuani. Upande wa kulia ulikuwa baridi tayari. Wa kushoto bado una joto kidogo, na moyo unapiga taratibu. Aruna aliyatazama machozi ya mkewe kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka hayo ni kitu gani. "Twende," alisema.

Walifika ukingoni mwa maji saa sita mchana, yeye, Asia na mzee Nkulu. Aruna akaimba, na sauti yake haikutetemeka:

*Nyumba ile sasa yenu,*
*na vyumba vyote ni vyenu,*
*vilivyomo, mali yenu,*
*mimi sitaiingia.*

Nyasi za nyuma yao zikaanza kulala, hapa, pale, kando ya miguu yao, zikilala bila upepo kwa mstari mrefu uliotelemka hadi ukingoni, na harufu ya matope ikawapita usoni wakaziba pua, na maji yakajikunja duara moja baada ya jingine, mengi kuliko watu wa kijiji kimoja, na mzee Nkulu akawa anawaaga kwa majina mpaka sauti ikamkauka, na maji yakatulia.

"Mi nasikia jua," Aruna alisema. Akajishika mikono, akacheka, kisha akamkumbuka dada yake akakaa chini akalia kwa kwikwi.

Nyumbani mkeka ulikuwa mkavu. Aruna akaomba chai, na Asia akabandika birika jikoni, ilipochemka akaiepua. Aliibeba kwa viganja viwili, bila kitambaa, ikatoa mvuke, akaja nayo polepole, akaiweka mbele ya mumewe. Ngozi ya viganja ilibaki kwenye birika.

"Asia! Mikono yako!"

Aliitazama. "Kweli," alisema.

Aruna akamshika. Mikono ilikuwa baridi, imelowa, ina matope kwenye kucha, na ndipo ubeti wa harusi ukamrudia mzima, pamoja na ule alioimba mchana: vilivyomo, mali yenu. Alitaka kuita jina lake tena, lakini Asia alikuwa amegeukia ukuta wa sebule, ule usio na dirisha, amefumba macho, na nywele zilizochomoza kwenye kitambaa chake zinapepea.

"Acha dirisha wazi, Mwalimu," alisema. "Upepo iko muzuri."